Nilijaza Makopo ya Nettlewell, Sasa Glenys Anafukuzwa Kazi

Shangazi Hilda mpendwa,

Nishike mkono haraka, maana Ijumaa saa nne asubuhi mwanamke anafukuzwa kazi kwa kosa langu mimi, na atakayemfukuza ni binti yangu wa kumzaa, na wote wawili nawapenda, na huu mdomo wangu ambao haujawahi kukosa neno tangu niuze soksi ya kwanza hapa soko la Dewsbury sasa umekauka kama mkate wa juzi. Mwandiko utanisamehe, shule niliacha na miaka kumi na tano, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango.

Mimi nina meza sokoni, nauza soksi, betri, chaja za simu, miavuli mvua ikinyesha na miwani ya jua ile siku yetu moja ya kiangazi. Binti yangu Kirsty ni meneja wa Nettlewell, lile duka la sabuni na losheni pale mtaa wa maduka, wale waliokuwa wa kwanza kutuambia vitu vyao havijajaribiwa kwa sungura. Wewe ni rika letu, unakumbuka ilivyokuwa. Jumamosi foleni inatoka nje, harufu ya losheni yao ya peasi unaipata kabla hujaona duka, unaingia na kopo lako tupu wanakujazia kwa bei ndogo, msichana anakupaka mkononi huku anakusimulia hizi njugu zimekamuliwa na akina mama wa kijiji gani, na kabla hujatoka unatia sahihi karatasi ya kuokoa nyangumi. Marehemu mke wangu alitia sahihi mara tisa. Nikamwambia, "Mama Kirsty, huyo nyangumi umemwokoa mpaka amechoka." Lakini alikuwa akitoka pale anatembea kifua mbele, kama mtu aliyetenda jema, na ametumia hela ya losheni tu. Hicho ndicho walichokuwa wanauza, Shangazi. Losheni ilikuwa nyongeza.

Halafu mwenye duka akaliuza kwa kampuni kubwa, kampuni ambayo watu walisema sungura wanaijua vizuri sana, na hiyo ikaiuzia nyingine, na nyingine ikaiuzia nyingine, kama redio mbovu inavyozunguka hapa sokoni, kila mtu anaifuta vumbi tu anampa mwenzake. Mabomba ya kujazia wakayang'oa, eti yanakula nafasi. Peasi wakaiondoa. Wakaweka maboksi ya zawadi yenye utepe. Wasichana wakapewa sentensi tatu za kusema kabla mteja hajagusa kitu, na kwenye kulipa lazima wakuombe barua pepe. Bi Ogden, mteja wangu wa siku nyingi, mjane, mikono yake ina nyufa kama ukuta wa zamani, aliniambia, "Roy, nimeomba losheni ya mikono nikaulizwa nina barua pepe, nikamwambia mwanangu mimi nina mbwa." Na punguzo la nusu bei kila wiki! Mimi mtu wa soko nakwambia, ukipunguza bei kila siku hilo si punguzo tena, hiyo ndiyo bei, na ile ya juu ni matusi. Na siku hizi alama ya sungura ipo mpaka kwenye sabuni ya vyombo ya supamaketi, sasa nani apande mtaa wa maduka kuifuata?

Haya yote nilimwambia Kirsty.

"Baba, makao makuu wana watafiti," akaniambia.

"Na mimi nina Bi Ogden."

"Baba, uza soksi zako."

Sawa, nikauza soksi zangu. Lakini Shangazi, watu wa huku unatujua, kitu kizuri hatukitupi. Nyumba nzima nzima zina makopo matupu ya Nettlewell kabatini, wanawake wameyatunza miaka wakisubiri mabomba yarudi. Nikaona hapa kuna biashara. Kuna jamaa mmoja mji wa Batley anasambaza mafuta meupe ya kupaka kwenye nyumba za wazee, ndoo kubwa, safi kabisa, hayana harufu. Nikanunua ndoo mbili. Harufu ya peasi nikaipata kwenye duka la vifaa vya kutengenezea mishumaa. Nikachanganya gereji kwa ile mashine ya kukorogea rangi ya ukuta. Ndoo ya kwanza ilipaa mpaka dari, paka wa jirani alinukia peasi hadi sikukuu, lakini ya pili ikatulia.

Sikuweka juu ya meza. Ilikuwa kwa watu ninaowajua tu, anakuja na kopo lake, nainama chini kama natafuta soksi namba kumi, nainuka limejaa. Wengine walikuja hawana kopo, wameshatupa. Ndipo akaingia Glenys.

Glenys amefanya kazi Nettlewell miaka ishirini na saba, ndiye aliyemfundisha Kirsty kazi alipoanza pale Jumamosi akiwa na miaka kumi na sita. Dukani wameweka sanduku, unarudisha kopo lako tupu likatengenezwe upya, sanduku lina picha ya jani. Glenys alifuata sanduku lilipokwenda akakuta linamwagwa kwenye kontena la taka nyuma ya jengo. Akaja mezani kwangu mweupe kama maziwa. "Roy, miaka miwili nawaambia watu 'asante kwa kuitunza dunia.'" Kuanzia hapo akawa ananiletea makopo kwenye mfuko, ameyaosha kwa mikono yake. Hela hakutaka. Nilimpa soksi, nazo alichukua jozi mbili tu, za buluu.

Sasa mwezi uliopita mikono ya Bi Ogden ikavimba. Vipele vyekundu mpaka kwenye viwiko. Kwa hasira akalibeba kopo mpaka Nettlewell, akaliweka mbele ya Kirsty. Kirsty anafungua, ananusa peasi, peasi ambayo haijauzwa pale miaka sita. "Umeipata wapi hii, Bi Ogden?" Na yule mama, mikono inawaka moto, akanikumbuka mimi ni nani kwa huyu msichana, akalimeza jina langu. "Nilijaziwa," akasema, "kama zamani," akaondoka. Baadaye akaja kwangu akaniambia, "Siwezi kumchongea baba kwa mwanawe. Lakini Roy, aibu yako." Nikamrudishia hela yake na mwavuli juu. Nikajiona nimemaliza.

Kumbe. Jumapili iliyopita Kirsty kaja kula nyama ya kuoka kama kawaida yetu, uma haugusi.

"Baba, tumeangalia kamera ya mlango wa nyuma. Ni Glenys."

"Glenys gani?"

"Kuna Glenys wangapi, Baba? Anatoka na mfuko wa makopo. Mara tano! Mteja wangu ameumia na kopo letu, na yeye anabeba makopo. Nimemuuliza, nimembembeleza, ananiambia 'Nimechukua mimi, mwanangu, andika hivyo.' Basi. Hasemi kayapeleka wapi."

"Labda anapandia maua."

"Usinichekeshe. Leo usinichekeshe." Akaweka uma chini, machozi yakamtoka kwenye viazi. "Ijumaa nimsomee shtaka la wizi mtu aliyenifundisha kufunga zawadi. Na bosi wa kanda atakaa hapo pembeni anasikiliza kama sauti yangu inatetemeka."

Hapo ndipo akaniambia siri, kwamba tawi letu liko kwenye orodha ya kufungwa, mwisho wa mwezi ujao kwisha, na wafanyakazi watalipwa kiinua mgongo kwa miaka yao, na yeye ameahidiwa nafasi duka la Leeds ambalo linabaki, ikiwa atamaliza hapa bila doa. Lakini anayefukuzwa kwa wizi kabla ya kufunga haondoki na kitu. Miaka ishirini na saba, Shangazi, inafutwa kama bei ya ubao. Na mimi nilikuwa nimeshika chombo cha mchuzi. Unajua nilifanya nini? Nikamuuliza, "Nikuongezee?"

Jumatatu nikamvizia Glenys akipita sokoni, nikamwambia nakwenda kusema.

"Thubutu," akaniambia.

"Wewe ndiye unayeumia, Glenys."

"Mimi nina miaka sitini na moja na nimechoka kuomba watu barua pepe. Kirsty ana thelathini na sita na mkopo wa nyumba. Wakijua ni baba wa meneja, watasema meneja alijua. Leeds ataisikia redioni tu."

"Na kiinua mgongo chako?"

Akachukua jozi ya soksi mezani, akaikunja, akaikunjua, akairudisha. "Nilitaka kutengeneza paa," akasema. Akaenda zake.

Sasa Shangazi, nikisema namzamisha mwanangu, nisiposema namzamisha Glenys, na ndoo ya pili bado iko chini ya meza nusu, na watu bado wanakuja na makopo. Silali. Jana nilimuuzia mtu soksi za mguu mmoja tu, kushoto na kushoto, hata yeye hakucheka. Niseme au ninyamaze kama Glenys alivyotaka? Jina langu usiliandike.

Mwenye Meza, Sokoni


HILDA ANAJIBU

Mwenye Meza,

Majina nimeyabadilisha yote, hata la duka. Barua yako imenichekesha mara sita, na kila mara nilipocheka nilikuwa karibu kusahau kwamba kuna mwanamke anapoteza paa. Nadhani ndivyo ulivyoishi miaka yote hii: watu wanacheka, wewe unapita. Binti yako alilia mezani kwako ukamletea utani wa maua. Alipokataa utani, ukamletea mchuzi.

Tuanze na ndoo, kwa sababu hiyo haingoji Ijumaa. Manukato ya mishumaa yametengenezwa kwa ajili ya mshumaa, bwana. Hayakutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mjane. Ukimaliza kusoma mstari huu, ndoo ifunikwe na isifunguliwe tena. Halafu utazunguka kwa kila uliyemjazia, mmoja mmoja, unawajua kwa majina, umwambie aache kupaka na kwa nini. Bi Ogden utampeleka mwenyewe kwa mfamasia, na utataja mbele yake ulichoweka ndani. Mwavuli si dawa.

Sasa nikuambie jambo ambalo litakuuma. Umeeleza kilichoiangusha Nettlewell vizuri kuliko watafiti wao wote. Walibakiza jina juu ya kopo, wakabadilisha kilichomo ndani, wakadhani watu hawatajua. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili. Halafu nikasoma ulivyofanya gereji, na nikakuuliza kwa sauti peke yangu hapa ofisini: na wewe umefanya nini tofauti? Wao angalau waliandika viungo nyuma.

Sikatai kwamba uliwaonea huruma watu. Nami nina makopo matatu kabatini, usimwambie mtu. Lakini huruma ukiificha chini ya meza haina tofauti na magendo.

Wanawake wawili wamekubeba mgongoni. Bi Ogden alikubeba mikono ikimuwasha. Glenys amekubeba na kiinua mgongo chake. Na wewe umekaa huko juu unaniuliza mimi kama ushuke!

Glenys ana moyo mkubwa, lakini hesabu yake ni mbovu, na mwambie nimesema hivyo. Anafikiri ukimya wake unamlinda Kirsty. Hebu fikiri. Leo Kirsty hajui kitu. Hiyo ndiyo ngao yake pekee. Akimfukuza Glenys Ijumaa, halafu mwezi ujao mtu mmoja tu hapo sokoni aseme "lakini si babake ndiye aliyekuwa anajaza?", nani ataamini kwamba hakujua? Watasema alimtoa kafara mwenzake kumfunika baba. Leeds itaondoka, na jina lake litaondoka nayo. Tena wewe na Glenys mmekaa sokoni mkaamua maisha ya mwanamke wa miaka thelathini na sita kana kwamba bado ni yule mtoto aliyekuja kufunga zawadi Jumamosi. Hakuna aliyemuuliza.

Basi fanya hivi. Utakwenda kwa Kirsty, nyumbani kwake, siyo dukani wala sokoni. Usimpelekee kitu mkononi, wala usianze na hadithi ya paka. Sentensi yako ya kwanza iwe, "Makopo yalikuwa yanakuja kwangu." Ukishasema hiyo, nyamaza, umwache afanye atakalo, hata akikupigia kelele, hata akikufungulia mlango utoke. Hapo hutajibu kwa mzaha hata mmoja. Najua itakuwa kazi ngumu kuliko zote ulizowahi kufanya.

Akishatulia, atahitaji kumpigia bosi wa kanda siku hiyohiyo, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme baba yangu anahusika na mimi siwezi kuongoza kikao hiki. Meneja anayejitoa mapema si sawa na meneja aliyekamatwa baadaye, na bosi yeyote mwenye akili anaijua tofauti.

Wewe utaandika karatasi. Mwandiko mbaya si neno, mimi nimeusoma huu. Andika ulianza lini, ulipokea makopo mangapi, losheni ilitoka wapi, harufu ilitoka wapi, nani aliumia. Andika kwamba Glenys hakugusa ndoo wala hakupokea hela. Soksi utaziandika pia, jozi mbili, za buluu, maana ukificha soksi watauliza umeficha nini kingine. Andika yale makopo yalikuwa yanakwenda wapi na sanduku lile lenye picha ya jani, na hapo usiongeze chumvi, ukweli wenyewe una chumvi ya kutosha. Tia sahihi. Kama ulivyomcheka mkeo kwa nyangumi, sasa ni zamu yako kuweka jina lako chini ya kitu.

Glenys asiingie kikaoni peke yake. Ana haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Alichukua vitu vya duka bila ruhusa, hilo alikubali, na ataadhibiwa kwa hilo. Lakini kuokota takataka na kuuza losheni yenye jina la watu ni mambo mawili, na hakuna atakayeyatenganisha kama wewe hupo.

Siwezi kukuahidi kwamba Kirsty atapata Leeds. Huenda asiipate. Siwezi kukuahidi kwamba Jumapili atakuja kula. Huenda ukaoka nyama ukaila peke yako miezi mingi. Na kampuni inaweza kukushtaki, na ikikushtaki, utakwenda kusimama mbele yao bila kulalamika. Hiyo ndiyo bei, na haina punguzo.

La mwisho. Umeniuliza useme au unyamaze. Bwana, mtu anayetaka kunyamaza haandiki barua kurasa nne kwa gazeti linalouzwa kwenye lango la soko lake mwenyewe. Umeshasema. Ulichofanya ni kunituma mimi nikakusemee kwa binti yako. Siendi.

Nimebadilisha majina, lakini sijabadilisha hadithi, na Dewsbury si London, atakayeisoma atajua ni nani. Gazeti hili linafika vibandani Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Binti yako anafungua duka saa tatu. Kuna masaa matatu hapo katikati. Kama unasoma hapa na bado umekaa, viatu viko wapi?

Hilda